Chupa yangu imekataliwa kwa kuwa "dhahiri": rufaa ya hataza Marekani hupima nini?

Swali: Niliomba hataza Marekani kwa ajili ya chupa ya kuchujia maji. Kichujio chake husafishwa bila kufunguliwa: unazungusha kifuniko robo mzunguko, unaiminya chupa, maji yanapita kinyume na kusukuma uchafu nje. Mkaguzi amekataa mara mbili. Anasema chupa yenye kichujio imo katika hataza moja ya zamani, na vali ya kugeuza mkondo imo katika hataza ya mtambo wa bwawa la kuogelea, kwa hiyo kuziunganisha ni jambo dhahiri. Lakini hakuna hati hata moja yenye chupa kama yangu! Nikikata rufaa, majaji watapimaje udhahiri, na mimi niandike nini?

Jibu: Hoja yako ya mwisho iweke kando kwanza, kwa sababu ndiyo inayowaponza wakata rufaa wengi. Kwamba hakuna hati moja yenye chupa yako nzima kunathibitisha kitu kimoja tu: chupa ni mpya. Upya unashughulikiwa na kifungu cha 102 cha sheria ya hataza. Wewe umekataliwa chini ya kifungu cha 103, ambacho huanza kazi pale upya unapokwisha kukubaliwa. Kinauliza hivi: je, tofauti kati ya dai lako, yaani maneno ya ombi yanayotaja hasa unachotaka kilindwe, na yale yaliyokwisha kujulikana ni ndogo kiasi kwamba dai zima lingekuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo, kabla ya tarehe ya kuwasilisha ombi? Ukijaza kurasa kumi kueleza kwamba hati ya kwanza haina vali na ya pili si chupa, utajibiwa kwa sentensi moja yenye jina la kesi ya Keller ya mwaka 1981: huwezi kuzishambulia hati mojamoja wakati kukataliwa kumejengwa juu ya muungano wao.

Rufaa yako itakwenda kwenye Bodi ya Kesi na Rufaa za Hataza, iliyo ndani ya ofisi ileile ya hataza. Itasikilizwa na jopo la majaji wa kiutawala wasiopungua 3, ambao sheria inawataka wawe na ujuzi wa sheria na wa sayansi pia. Watu hawa hawarudii ukaguzi upya. Tangu uamuzi wa Bodi katika kesi ya Frye, 2010, msimamo uko wazi: wanapitia kazi ya mkaguzi kutafuta makosa yale uliyoyataja wewe, kwa kuangalia ushahidi uliomo kwenye jalada. Kosa usilolitaja kwenye hoja yako ya rufaa, yaani andiko lako la kuitetea rufaa, huhesabiwa umeliachia. Hivyo Bodi haiulizi kama chupa yako ni ya werevu. Inauliza kama sababu aliyoiandika mkaguzi inabeba uzito wa kukataliwa, kwa kipimo cha mizani ya uwezekano, yaani upande upi una nguvu zaidi hata kwa kiasi kidogo.

Kipimo chenyewe kilitoka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1966, katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere. Ilihusu jembe la trekta la kulimia ardhi yenye mawe. Hataza ya awali ya mvumbuzi huyohuyo iliweka mguu wa jembe juu ya bamba la bawaba. Mpya ikauweka chini yake, ili chuma kipate nafasi ya kupinda kinapogonga jiwe. Mahakama iliangalia mambo matatu ya msingi: yaliyokwisha kujulikana yana nini na yanaenea hadi wapi, tofauti yake na dai ni ipi, na kiwango cha ujuzi wa kawaida katika fani ni kipi. Baada ya hapo kuna ushahidi wa pembeni, kama mafanikio sokoni, haja iliyokaa muda mrefu bila kutatuliwa, na wengine waliojaribu wakashindwa. Jembe lilishindwa. Jambo moja katika hukumu ile hupitwa na wasomaji wengi: hoja ya kupinda kwa chuma, ambayo ndiyo ilikuwa roho ya utetezi mahakamani, haikuwahi kutolewa katika ofisi ya hataza. Mahakama ililiona hilo na haikulifumbia macho. Faida ya uvumbuzi wako ambayo haimo kwenye maelezo ya ombi wala kwenye majibu yako kwa mkaguzi ni silaha iliyobaki nyumbani.

Kiwango cha ujuzi kisikuchoshe. Mara nyingi huamuliwa kwa sentensi moja, au huachwa hati zenyewe zionyeshe. Vita iko kwenye sababu ya kuunganisha.

Kwa miaka mingi Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit, iliyoundwa mwaka 1982 na inayosikiliza rufaa zote za hataza, ilidai mkaguzi aonyeshe fundisho, dokezo au msukumo wa kuunganisha hati, na mara nyingi ilitaka dokezo hilo liwe la wazi. Mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, Mahakama Kuu ilisema kwa kauli moja kwamba huo ni ukakamavu uliopita kiasi. Kesi ilihusu pedali ya mafuta ya gari: pedali ya kurekebishika ilikuwepo, kihisi cha kielektroniki kilikuwepo, na magari yalikuwa yanahamia kwenye injini zinazodhibitiwa na kompyuta. Kuweka kihisi kwenye egemeo lisilosogea la pedali kukaonekana dhahiri. Mtu wa ujuzi wa kawaida, mahakama ikasema, ana ubunifu wa kawaida pia, si roboti. Kwa hiyo usiandike kwamba hati ya chupa haitaji vali ya bwawa popote. Tangu 2007 haihitajiki itaje. Sababu inaweza kutoka kwenye haja ya soko, kwenye tatizo linalojulikana, hata kwenye busara ya kawaida.

Lakini KSR hiyohiyo ilinukuu na kukubali sharti la kesi ya Kahn, 2006: mkaguzi hawezi kutoa tamko tupu, lazima aeleze hoja yenye msingi wa kiakili. Hapo ndipo mlango wako ulipo. Chukua barua ya kukataliwa, tafuta sentensi moja tu, ile inayoanza na "ingekuwa dhahiri… ili…". Kilicho baada ya "ili" ndicho unachokwenda kukipima. Kwako, nadhani kinasema "ili kichujio kisafishwe kwa urahisi". Niseme ukweli: hiyo ni sababu nzuri, na kama hati ya bwawa yenyewe inaitaja faida hiyo, Bodi itaipokea. Kwa hiyo usipoteze nguvu kudai kwamba hakuna sababu. Jaribu viungo vingine vya hoja ya mkaguzi, na viko kadhaa.

Cha kwanza ni kama hati ya bwawa inastahili kutumika kabisa. Hati hutumika ikiwa ni ya fani ileile, au, ikiwa ni ya fani nyingine, inahusiana kwa namna ya maana na tatizo ambalo mvumbuzi alikuwa akilishughulikia. Kesi ya Bigio, 2004, iliruhusu miswaki itumike dhidi ya brashi ya nywele. Kesi ya Klein, 2011, ilikataa: ombi lilihusu chombo chenye kigawanyo kinachohamishika cha kupimia sukari na maji ya kulisha ndege, na baadhi ya hati za mkaguzi zilikuwa za vyombo vya kutenganisha vitu vikavu tu. Kwako, mtambo wa bwawa na chupa si fani moja, lakini tatizo ni kuondoa uchafu ulioziba kichujio, na bwawa lina tatizo hilohilo. Kiungo hiki ni kigumu kuvunja. Kitakuwa rahisi kidogo kama maelezo ya ombi lako yanalitaja tatizo kwa ufinyu zaidi, tuseme kusafisha kichujio kwa nguvu ya mkono peke yake, bila pampu. Ukiwa umeandika "kuboresha usafishaji wa vichujio" kwa jumla, umemfungulia mkaguzi dunia nzima ya vichujio.

Cha pili ndicho ningekichunguza kwanza kama jalada lingekuwa mezani: je, badiliko analolipendekeza mkaguzi linaifanya hati ya msingi ishindwe kufanya kazi yake? Kesi ya kukumbuka ni ya Gordon, 1984. Mwombaji alikuwa na kichujio cha damu ambacho mlango wa kuingilia na wa kutokea viko chini. Ofisi ilisema ni sawa na kichujio cha petroli cha zamani, kikigeuzwa juu chini. Mahakama ikajibu kwamba kile cha petroli kikigeuzwa, petroli iliyosafika inanaswa juu, maji na mafuta mazito ndiyo yatakayotoka, na chujio litaziba. Hakuna fundi ambaye angeona sababu ya kufanya hivyo. Sasa isome hati ya chupa kwa jicho hilo. Kama kichujio chake ni chembe za kaboni zilizozuiwa na wavu upande mmoja tu, mkondo ukigeuzwa chembe zitatoka na maji. Kama hati yenyewe inasema kichujio kimeshikwa kwa shinikizo la mkondo, kuugeuza kunakilegeza. Taja aya na namba ya mchoro, kisha eleza kinachotokea hatua kwa hatua.

Angalia lakini usiteleze kwenye kosa la jirani. "Vali ya bwawa ni kubwa kuliko chupa yangu yote" si hoja. Kesi ya Keller inasema pia kwamba swali si kama kifaa cha hati moja kinaingia mzimamzima ndani ya kingine, bali ni kitu gani mafundisho ya hati zote kwa pamoja yangemwambia mtu wa fani. Fundi anajua kupunguza ukubwa. Unachohitaji kuonyesha ni kwamba kanuni yenyewe ya kazi inavunjika.

Hapo karibu kuna swali la matarajio ya kufanikiwa. Bwawa lina pampu yenye mota. Chupa ina kiganja cha mtu. Kama utando wa kichujio chako una matundu ya mikroni 0.2, shinikizo la kung'oa uchafu ni jambo la kupimwa, na huenda fundi wa kawaida asingetarajia mkono utoshe. Mahakama husisitiza tofauti kati ya "angeweza" na "angefanya": haitoshi kwamba fundi angeweza kuunganisha, ionyeshwe kwamba angekuwa na sababu ya kuunganisha akitarajia matokeo. Lakini matarajio yanayotakiwa ni ya kiasi, si ya uhakika, na wakili anayesema "hakuna aliyejua kwa hakika" hapati kitu.

Kisha kuna hati zinazomfukuza msomaji. Katika kesi ya Adams, 1966, betri ya magnesi na kloridi ya shaba iliyoamshwa kwa maji ilipata ulinzi kwa sababu maandiko ya wakati ule yalimkatisha tamaa mtu yeyote asijaribu mchanganyiko wa aina hiyo. Kufukuza maana yake ni kukosoa au kukatisha tamaa njia uliyoifuata. Hati inayoonyesha njia nyingine, au inayosema tu kwamba njia nyingine ni bora, haifukuzi. Kesi ya Fulton ya 2004, iliyohusu soli za viatu, ilikata hilo. Hoja ya kufukuza imetumiwa vibaya kiasi kwamba majaji huisoma kwa shaka, basi ilete tu ukiwa na sentensi ya hati ya kunukuu.

Mkaguzi akijaza pengo kwa "busara ya kawaida" bila hati, shika kesi ya Arendi dhidi ya Apple, 2016. Busara inaweza kuwa sababu ya kuunganisha, lakini inapotumika kuleta kipengele cha dai ambacho hakimo katika hati yoyote, hasa kipengele kilicho moyo wa uvumbuzi, lazima kiwe na ushahidi na maelezo.

Namba zina sheria yake. Ukidai matundu ya mikroni 0.1 hadi 0.2 na hati inasema 0.05 hadi 5, wigo wako uko ndani ya wake, na hilo peke yake latosha kukuweka upande wa kujitetea. Kesi ya Peterson, 2003: aloi ya nikeli yenye reniamu asilimia 1 hadi 3, hati ya awali ikiwa na 0 hadi 7. Mwombaji alishindwa kwa kuwa ushahidi wake wa matokeo yasiyotarajiwa haukufunika wigo wote aliodai. Hapa ndipo maombi mengi mazuri hufia: jaribio moja zuri katikati, dai pana pande zote mbili. Pima ncha ya chini, katikati, ncha ya juu, na nje kidogo ya ncha zote, ukilinganisha na hati iliyo karibu zaidi nawe, si na bidhaa dhaifu uliyoichagua mwenyewe. Kisha eleza kwa nini tokeo halikutarajiwa. "Bora zaidi" si sawa na "lisilotarajiwa".

Ushahidi wa mauzo na sifa kutoka kwa wengine unakubalika, na Bodi hairuhusiwi kuamua kwanza halafu iutazame kama kiburudisho. Ila lazima ufungwe na dai. Katika Fox Factory dhidi ya SRAM, 2019, gia za mbele za baiskeli zilikuwa zimesifiwa sana. Bodi ilidhania sifa zile zilitokana na dai, na mahakama ikaurudisha uamuzi kwa sababu bidhaa ilikuwa na sifa muhimu ambayo dai halikuitaja. Mwaka uliofuata, hataza ya pili ya familia ileile, ambayo dai lake liliitaja sifa hiyo, ilistahimili. Kama chupa yako inauzwa kwa sababu ya rangi na bei, mauzo hayatakusaidia.

Hilo linatupeleka kwenye maneno ya madai. Katika ukaguzi, dai husomwa kwa upana wote unaokubalika kwa akili. Kila hoja niliyoitaja, ya mkono, ya utando, ya robo mzunguko, haina thamani kama neno lake halimo kwenye dai. Kabla ya kukata rufaa, chukua kalamu, pitia hoja moja baada ya nyingine na uweke alama pale dai linapoitaja. Hoja isiyo na alama ifute, au rekebisha dai kwanza.

Hata mpangilio wa kuandika una uzito. Madai unayotaka yaamuliwe peke yake yape kichwa kidogo na hoja yake. Vinginevyo Bodi itachagua moja na mengine yatasimama au kuanguka nalo. Kunakili maneno ya dai na kuongeza kwamba hayamo kwenye hati hakuhesabiwi kuwa hoja, kwa mujibu wa kesi ya Lovin, 2011.

Muda sasa. Hati za kiapo za wataalamu na matokeo ya majaribio yaingie kabla ya taarifa ya rufaa, na vyema kabla ya kukataliwa kwa mwisho. Baada ya hapo mlango unabana, na ukishawasilisha hoja ya rufaa unafungwa. Kama jalada lako halina hata kiapo kimoja kuhusu shinikizo la mkono, mimi nisingekata rufaa leo. Ningelipia ombi la kuendelea na ukaguzi, niweke ushahidi na kubana dai, kisha nikate rufaa nikikataliwa tena. Kama ushahidi umo tayari, toa taarifa ya rufaa na uambatanishe nayo ombi la mapitio ya awali, lisilozidi kurasa 5. Wakaguzi wenzake huketi na kuona kama kesi inafaa kwenda mbele. Hutumika vizuri pale kosa liko wazi, kama kipengele kisichokuwepo kabisa, na vibaya pale panapohitaji mabishano ya kitaalamu.

Hoja ya rufaa huwasilishwa ndani ya miezi 2 tangu taarifa, na muda huu huongezwa kwa malipo. Mkaguzi akijibu, una miezi 2 ya kujibu tena na ya kulipia ada ya kupeleka jalada kwa Bodi. Ada hiyo ikisahaulika, rufaa hufutwa hata kama hoja ni nzuri kiasi gani. Soma jibu la mkaguzi kwa makini: akibadilisha kiini cha sababu yake, hiyo ni sababu mpya ya kukataa na una haki ya kulalamika. Jibu lako la pili lisilete hoja ambazo ungeweza kuzitoa mwanzo.

Bodi inaweza kumpindua mkaguzi, kumuunga mkono, au kutoa sababu yake mpya, na hiyo ya mwisho inakupa miezi 2 ya kuchagua kati ya kurudi kwa mkaguzi na ushahidi mpya au kuomba Bodi iangalie tena. Ukishindwa, una siku 63 kwenda Federal Circuit. Huko, udhahiri ni swali la sheria na mahakama hulipima upya, lakini mambo ya msingi, yaani hati inasema nini, inafukuza au haifukuzi, sababu ipo au haipo, ni ya ukweli, na Bodi ikiwa na ushahidi wa maana huachwa nayo, hata kama majaji wangeona vingine. Kwa hiyo anayefika huko akibishana juu ya maana ya hati amechelewa. Kinachofanya kazi ni kuonyesha kwamba Bodi haikueleza: mahakama haiwezi kuijazia Bodi sababu ambayo haikuiandika, na kwa kosa hilo huurudisha uamuzi. Njia nyingine ni kufungua shauri katika mahakama ya wilaya ya Virginia Mashariki. Hapo ushahidi mpya unaruhusiwa, kama ilivyothibitishwa katika Kappos dhidi ya Hyatt, 2012, lakini gharama za shauri unazibeba wewe, ushinde usishinde.